Kwa nini meseji moja imekatwa kama tatu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini umetuma meseji moja ukakatwa pesa za meseji tatu. Simu yako ni nzima, iangalie emoji uliyoiweka, kile kipicha kidogo ndani ya meseji.

Meseji ya kawaida (SMS) inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukiweka hata emoji moja, simu inalazimika kubadili namna ya kuziandika herufi zote, na kikomo kinashuka hadi 70. Ukizidisha hapo, inakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande ni meseji kamili. Salamu ya herufi 150 yenye emoji moja ya ua mwishoni inakuwa meseji tatu. Futa hilo ua, inabaki moja.

Kinachoponza watu bila wao kujua ni ritifaa, kile kialama cha ng'ombe na ng'oa. Ukinakili maneno kutoka kwenye waraka, mara nyingi huja kikiwa kimepinda, nacho hufanya yale yale ya emoji. Kifute, uandike kilichonyooka. Mimi nilichelewa sana kugundua hili, maana kwa macho vinafanana mno.

Ukikaribia kikomo, tazama karibu na kitufe cha kutuma. Programu nyingi huonyesha kitu kama 24/2, yaani zimebaki herufi 24 na uko kwenye meseji ya pili. Tarakimu zikiruka ghafla, basi chanzo ni herufi uliyoiweka sasa hivi. Meseji zinazopita kwenye intaneti hazina hesabu hii.