Maswali ya Wasomaji: Santuri za Babu, Mota ya Marekani na Sabufa Inayovuma

Barua za safari hii zimetoka Tukuyu, Mafinga, Iringa mjini, Njombe na Mbeya. Karibu zote zinaelekea upande mmoja: mtu amepata santuri au mashine ya kuzipigia, na kabla hajajua ni ya aina gani, tayari ana haraka ya kuweka sindano. Barua zimefupishwa, ila maswali yenyewe hatukuyagusa.

*Shikamoo mzee. Babu yangu alifanya kazi migodini, kwanza Kopabeti (Zambia ya leo) na baadaye Afrika Kusini, akarudi Rungwe na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono pamoja na sanduku la santuri. Tangu afariki hakuna aliyeligusa. Nimelifungua sasa na kukuta baadhi ya santuri ni nzito, moja imenikatikia mkononi, na nyingine ni nyepesi na zinapinda kidogo. Nyingi zina ukungu mweupe. Jirani ameniambia nizifute zote kwa spiriti, halafu nizipige kwenye gramafoni hiyo hiyo. Je, nimsikilize?*
— Mjukuu, Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Jirani yako ana nia njema, lakini ushauri wake ungekuharibia sanduku zima, kwa kuwa humo ndani una santuri za aina mbili ambazo hazitunzwi kwa namna moja.

Zile nzito zinazokatika zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa Asia, uliochanganywa na unga wa mawe na vitu vingine vya kujazia. Mafundi samani wanaifahamu sheleki, kwa sababu ndiyo wanayoiyeyusha katika spiriti ili kupata vanishi. Ukiipaka santuri hiyo spiriti, unayeyusha uso uliobeba sauti, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Zile nyepesi zinazopinda ni za plastiki iitwayo vinili, ambayo kampuni ya Columbia ya Marekani ilianza kuitumia kwa santuri zake ndefu mwaka 1948. Vinili haiogopi spiriti kama sheleki inavyoiogopa, lakini nayo haihitaji zaidi ya maji safi.

Ili kuzitenganisha, soma lebo ya katikati kwanza. Za sheleki kwa kawaida huandikwa 78, yaani huzunguka mara 78 kwa dakika, na zile za ukubwa wa sentimita 25 hubeba muziki wa dakika tatu hivi kila upande. Za vinili huandikwa 45 au 33⅓. Lebo ikiwa imefutika, tumia uzito, na igonge kidogo sana kwa ukucha: sheleki hulia kama kigae, vinili hutoa mlio mfu. Usishangae kukuta za mizunguko 78 zenye muziki wa miaka ya baadaye, kwa sababu Afrika Kusini iliendelea kuzichapa ndani ya miaka ya 1960, wakati Ulaya na Marekani zilikuwa zikiziacha. Vijana wengi wa Rungwe na Kyela walioandikishwa na Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kwenda migodini walirudi na gramafoni, na hiyo ndiyo sababu masanduku ya wazee wa huko yana lebo za Afrika Kusini kama Gallotone, ambazo ni nadra kuziona katika nyumba za Pwani.

Sasa ukungu. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na santuri iliyolala chini kwenye saruji, ndani ya bahasha ya karatasi, haina namna ya kuukwepa. Toa santuri nje ya nyumba kwenye kivuli, jifunge kitambaa puani, na uondoe vumbi la ukungu kwa brashi laini iliyo kavu. Kisha nenda kituo cha mafuta ukanunue maji ya betri, yale yaliyochujwa, na usome chupa mara mbili ili usichukue asidi. Kwa santuri za vinili, tia tone moja au mawili ya sabuni ya maji katika lita moja, chovya fulana ya pamba iliyochakaa, ufute kwa kuzunguka kufuata mifereji bila kuikata, kisha urudie kwa maji matupu. Lebo isiloane. Kwa santuri za sheleki, kitambaa kiwe na unyevu tu, upitishe haraka na ukaushe hapo hapo, kwa kuwa vile vitu vya kujazia hunywa maji. Ukimaliza, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na ukuta na juu ya sakafu, na usizibandike moja juu ya nyingine. Bahasha zilizooza ubadilishe, lakini ile yenye maandishi ya duka au ya mwandiko wa babu iweke kando, kwani huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya mahali aliponunua.

Kuhusu gramafoni ya babu: kichwa chake hukandamiza santuri kwa uzito unaozidi gramu 100, na sindano zake ni za chuma, zilizokusudiwa kuchakaa na kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Sheleki iliundwa ivumilie mateso hayo. Santuri ya vinili itachimbwa mara ya kwanza tu. Piga humo zile za 78 ukiwa na pakiti ya sindano mpya, na za vinili zitafutie mashine ya umeme. Ukipata mashine hiyo, usiitumie nayo kwa santuri za 78 kabla ya kubadilisha sindano: mfereji wa sheleki ni mpana karibu mara tatu kuliko ule wa vinili, kwa hiyo sindano ndogo huzama hadi chini na kukokota uchafu badala ya kusoma kuta za mfereji.

*Kaka yangu aliyeko Marekani amenitumia mashine nzuri ya santuri ya miaka ya 1970. Nilinunua transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 120, ikawaka bila shida, lakini muziki unakwenda polepole na mwimbaji wa kike anasikika kama mwanamume. Fundi amebadilisha mkanda mara mbili. Nifanye nini?*
— Mwalimu, Mafinga

Ndugu Mwalimu, mkanda hauna kosa, na wala transfoma haina kosa, kwa kuwa imefanya kazi yake ya kushusha volti. Kitu ambacho transfoma haiwezi kukibadilisha ni hezi. Umeme wa Marekani hupigapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mashine nyingi za enzi hiyo zina mota inayofuata mapigo hayo kwa uaminifu wa kijeshi. Kwa hiyo sahani ambayo ingezunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka takriban mara 28, na sauti hushuka kwa zaidi kidogo ya nusutoni tatu. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kubandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani na kukihesabu kwa dakika nzima ukiwa na saa. Ukipata 28, umeupata ugonjwa.

Hila ya kuweka swichi kwenye 45 ili kuharakisha za 33 haitakusaidia, kwa kuwa hapo utapata mizunguko 37 na nusu. Dawa ni puli, kile kigurudumu kidogo cha shaba kwenye ncha ya mota ambacho mkanda hukizunguka. Baadhi ya watengenezaji walitoa puli mbili, ya hezi 60 na ya hezi 50, kwa hiyo tazama kwanza chini ya sahani, kwani wakati mwingine ya pili ilifungwa humo humo. Isipokuwepo, fundi wa kuchonga vyuma anaweza kukuchongea nyingine yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 20, mradi aichonge kwa uangalifu, maana ikiwa na kasoro ndogo tu utasikia sauti ikiyumba. Kabla ya kutumia fedha, soma kibao cha nyuma. Kama mashine inatumia adapta ndogo ya umeme wa moja kwa moja (DC), hezi hazihusiki hata kidogo, na huenda imelegea skrubu ya kurekebisha kasi tu. Lakini kwa maelezo yako sidhani.

*Nimeunganisha mashine ya santuri kwenye sabufa kwa waya wa AUX. Sauti ni ndogo na kavu, haina besi kabisa. Nikiongeza sauti, spika zinaanza kuvuma zenyewe hata kabla wimbo haujaanza. Mashine nimeiweka juu ya sabufa kwa kuwa sina meza nyingine.*
— Mama wa duka, Iringa mjini

Mama yangu, hapo pana matatizo mawili, na moja umelijibu mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Sindano husoma mitikisiko midogo mno. Sabufa ikipiga besi, hutikisa mashine iliyoketi juu yake, sindano husoma mtikisiko huo kama muziki, na sabufa huupiga tena kwa nguvu zaidi, hadi inakuwa ule mvumo. Mwombe fundi seremala akutengenezee kirafu cha kufungwa ukutani, ukuta wa tofali, si wa mbao, na sabufa ibaki chini upande mwingine wa chumba.

Ukavu wa sauti una chanzo kingine. Santuri ya vinili haikuchongwa na besi yake yote, kwa sababu besi kamili ingehitaji mifereji mipana mno. Tangu mwaka 1954 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kipimo kimoja cha kupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba wakati wa kuchonga, kipimo kilichoenea duniani, na kifaa cha kusikilizia ndicho kinachorudisha mambo sawa. Tena kichwa cha sumaku hutoa takriban milivolti 5, wakati tundu la AUX hutarajia mamia. Amplifaya za zamani zilikuwa na tundu maalumu lililoandikwa PHONO kwa kazi hiyo, na sabufa hazina. Geuza mashine yako uangalie nyuma. Kama kuna swichi ya PHONO na LINE, isukume kwenye LINE na shida imekwisha. Kama haipo, utahitaji kisanduku kidogo cha priamplifaya ya santuri kati ya mashine na sabufa. Waya mwembamba ulio pembeni, usio na pini, ufunge kwenye skrubu ya ethi ya kisanduku hicho, la sivyo mvumo wa umeme utabaki.

*Je, baridi ya Njombe inaharibu santuri?*
— Msomaji, Njombe

Hapana. Joto ndilo linaloziharibu, hasa darini chini ya bati na kwenye dashibodi ya gari. Santuri iliyotoka chumba cha baridi iache kwanza izoee sebule, ili umande usikusanye vumbi kwenye mifereji.

*Ninatafuta santuri za bendi za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970. Nimepata chache Mbeya, zote zimeandikwa kuwa zimetengenezwa Kenya. Je, nimeuziwa nakala? Na kwa nini nyimbo nilizozisikia redioni utotoni hazipatikani kabisa?*
— Mstaafu wa reli, Mbeya

Hujauziwa nakala, mzee wangu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kilichosimama, na bendi za kuanzia Morogoro Jazz hadi za Tanga zilichapiwa kazi zao Nairobi. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, njia hiyo ikawa ngumu kupita, na kanda za kaseti zikachukua nafasi. Huo ndio ufafanuzi wa swali lako la pili pia. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi ilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, ikabaki kwenye mikanda ya maktaba yake. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikuwahi kuwa santuri, kwa hiyo mtu akikuahidi kukutafutia, mwombe akuonyeshe lebo kabla hujatoa hata shilingi.

Unaponunua zile za 45, zingatia kwamba wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa: sehemu ya kwanza yenye maneno upande mmoja, na sehemu ya pili, magitaa yanapochemka, upande wa pili. Kwa kuwa wachezaji walipenda kuchemka, upande huo ndio uliochakaa zaidi. Wauzaji wanajua, nao hukuonyesha ule wa kwanza. Geuza. Ilaze santuri chini ya mwanga wa dirisha, uiinamishe, na mkwaruzo unaouona upapase kwa ncha ya ukucha: usiponasa ukucha, huenda hautasikika, ukinasa, utasikika kila mzunguko. Mifereji iliyogeuka kijivu badala ya kung'aa imeliwa na sindano butu, na haioshwi ikarudi. Kava zuri lisikuongezee bei, ingawa nakiri kuwa kava za enzi hizo zinavutia kuliko nyingi za leo.

*Je, kuna santuri yoyote yenye muziki wetu wa Kihehe wa asili?*
— Mwanafunzi, Iringa

Ipo, tena zaidi ya moja. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, na miongoni mwa aliowarekodi ni Wahehe, wakiwamo wapigaji wa ligombo, ala yao ya nyuzi. Rekodi zake zilitolewa baadaye katika mfululizo wa santuri zaidi ya 200, nazo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Santuri zenyewe ni ghali na adimu, na kwa mwanafunzi sioni haja ya kuzisaka: baadhi ya rekodi hizo zimetolewa upya kwa diski za CD. Ukiwaandikia watu wa maktaba hiyo, taja kabila, mwaka na chombo unachotaka kusikia, kwani mkusanyiko wao ni mkubwa.