Usiwasimamishe mbele ya zamu nzima

Ndugu yangu, ahirisha kikao hicho. Umeandika kwamba opereta wa msumeno na msimamizi wa upakiaji katika kiwanda chenu cha mbao hapo Mafinga hawasemeshani tangu wiki iliyopita, kwamba Jumatatu utawasimamisha mbele ya zamu nzima ili yaishe, na umeuliza pia kama barua ya onyo itangulie. Mimi nilifanya hivyo hivyo nilipokuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha chai Mufindi, na mpaka leo linaniuma.

Ilikuwa masika, majani mabichi yakiingia usiku na mchana, na karani wa mizani alikuwa akirushiana maneno na opereta wa mashine ya kukaushia kuhusu kilo zinazopungua. Meneja wangu alinifundisha kwamba ukimkaripia mmoja hadharani, wengine wote watanyooka. Ushauri huo ni mbaya, na mtu anayempa kijana aliyekabidhiwa watu juzi tu anamharibia yeye na wale anaowaongoza.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefika hadi mlangoni. Nilimwita karani mbele ya watu 30, nikasoma upungufu kutoka katika daftari lake mwenyewe, nikamuuliza kwa ukali kilo zimekwenda wapi. Alikuwa na kalamu mkononi. Akawa anafungua kifuniko na kukifunga, anafungua na kukifunga, bila kusema neno. Nikauchukua ukimya ule kuwa ni kukiri. Kumbe mizani ilikuwa inakwama, naye alikwisha kumweleza msaidizi wangu mara mbili. Lakini ili ajitetee ingembidi amtaje msaidizi huyo, aliyekuwa amesimama pale pale karibu yangu. Ningemwita peke yake, ningelijua hilo kwa dakika tano.

Nilimwomba radhi ofisini, sisi wawili tu, ilhali aibu niliyompa ilishuhudiwa na zamu nzima. Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Waliobaki wakaacha hata kunipa ile salamu ya "kamwene" ya asubuhi, na baya zaidi, wakaacha kuniambia matatizo. Beringi ya mashine ya kukaushia ililia siku tatu, kila mtu akiisikia, hakuna aliyethubutu kunifuata. Ilipokatika usiku, majani yaliyokuwa njiani yalirundikana, yakapata joto na kuharibika, zaidi ya tani 4.

Hata Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya kazi ya Tanzania, zinataka mfanyakazi anayetuhumiwa kwa kawaida apewe angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mimi sikumpa yule dada wa mizani hata dakika moja.

Kwa hiyo msikilize kila mmoja peke yake kwanza, mlango ukiwa umefungwa, wewe ukiwa umeketi na hasira yako imetulia. Muulize kilichotokea, kisha nyamaza mpaka amalize, hata akikaa kimya muda mrefu. Kabla ya hapo, kosa lake lisitajwe mbele ya mtu yeyote. Kama zamu imekwisha kutangaziwa kikao cha Jumatatu, waambie leo kwamba hakipo, wala usiwaeleze sababu.