Maswali ya wasomaji: akili mnemba zahanatini

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, kavimba uso na kichwa kinamuuma. Programu ya akili mnemba kwenye simu inasema apumzike na anywe maji. Tusubiri? (Mume, Mpwapwa)

Huyu nilimjibu kwa simu palepale. Naandika kwa ajili ya wengine. Msisubiri hata saa moja. Huenda presha imepanda, na kifafa cha mimba kinaua. Programu ile haijampima presha wala mkojo. Mpeleke kituoni sasa hivi. Kama hakuna usafiri piga 115, namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni bure.

Shikamoo daktari. Baba alipigwa picha ya kifua mnadani, kompyuta ikatoa alama 78 na kuonyesha wekundu kwenye pafu la kulia. Mbona hakupewa dawa za TB? (Binti, Kongwa)

Marahaba. Alama hiyo inasema pafu linatia shaka, haisemi ni TB. Kovu la TB ya zamani, vumbi la machimboni, hata nimonia, vinaweza kuipandisha. Ndiyo maana aliombwa makohozi: kipimo kama GeneXpert ndicho kinachothibitisha.

Shirika la Afya Duniani lilizikubali programu hizi mwaka 2021 zisome picha za watu wa miaka 15 na zaidi, nami naziunga mkono kwa moyo wote, maana wataalamu wa kusoma picha ni wachache na wengi wako mijini. Kinachonitia hofu ni kile kikopo cha makohozi. Mzee anapewa kikopo, anatema mate tu, au anaondoka na ng'ombe wake asirudi. Asubuhi kabla hajala asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani. Mpeleke wewe mwenyewe. Vipimo na dawa za TB ni bure.

Muuguzi alitazama tableti, akakataa kumpa mwanangu amoksilini. Hajui kazi? (Mama, Chamwino)

Anaijua. Programu ya tableti ya namna hiyo, ePOCT+, ilijaribiwa vituoni Mbeya na Morogoro: watoto waliopewa antibayotiki kama amoksilini walikuwa kama 23 kati ya 100, na kwenye vituo visivyoitumia 70, wala hawakupona vibaya kuliko wenzao. Yenyewe humwongoza muuguzi hatua kwa hatua kwa kufuata mwongozo wa matibabu. Ila mtoto akipumua haraka, akishindwa kunyonya au akipata degedege, mrudishe mara moja.

Wanataka kupiga picha kope za watoto shuleni ili kompyuta ijifunze kutambua trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Turuhusu? (Mzazi, Kongwa)

Ruhusuni, mkishaelezwa vizuri. Kompyuta iliyofunzwa kwa macho ya kwingine inaweza kukosea ikifika kwetu. Ulizeni pia maji ya kunawa uso shuleni yako wapi, kwa sababu picha haimkingi mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo dai karatasi ya ridhaa na uambiwe picha zitahifadhiwa wapi. Wakigoma, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iko hapahapa Dodoma, pelekeni malalamiko.