Geji ya Upepo: Mashine Tatu, Majibu Matatu

Mwezi huu maswali mengi ni ya tairi, sijui ni kwa sababu watu wanajitayarisha kusafiri ama vipi. La kwanza limenichekesha kwa hivyo nalijibu kwa urefu, mengine ntayapitia mbio mbio.

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Niko Bamburi hapa Mombasa, nimechukua gari juzi tu imeshuka bandarini kutoka Japani. Jumamosi asubuhi nimepima upepo mahali patatu, tairi ni ile ile moja ya mbele kushoto. Petroli stesheni ya karibu na nyumbani ilisema 28, kufika Buxton 33, nilipopita Changamwe 36, na wallahi hakuna mtu aliongeza upepo hapo katikati. Halafu kibandiko cha mlangoni chasema 230, sasa nikijaza 230 si tairi italipuka? Nataka ninunue geji yangu mwenyewe nimalize hii kesi lakini dukani nimekuta za kalamu, za mshale na za dijitali. Nichukue ipi?

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Tuanze na 230, usiijaribu tafadhali, hiyo si PSI (kipimo cha upepo kinachosomwa na mashine hizo za stesheni), ni kilopaskali, kipimo kingine cha upepo, gari za Japani ndivyo zinavyoandikwa. Gawanya kwa 6.9 utapata 33 na kidogo, hiyo ndio PSI yako. Ukikuta mashine imeandikwa bar (si baa ya pombe) basi weka 2.3. Na kibandiko hicho ndicho cha kufuata, si ile namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, halijui limefungwa kwa gari ya uzito gani. Kuna vijana wanaosoma ubavuni wanakujazia mpaka 44 na unawapa na ya chai juu.

Sasa hizo namba tatu. Wewe wadhani mashine zote zimekudanganya lakini nusu ya kosa ni lako, samahani. Tairi ikitembea inapata moto na upepo wa ndani unatanuka, kwa gari ndogo kila digrii 10 za joto zinapandisha kama PSI moja na nusu hivi. Umetoka Bamburi, umekaa foleni ya daraja la Nyali, umepita mjini mpaka Changamwe na jua limeshawaka lami, PSI tatu ama nne zimejiongeza zenyewe bila mtu kugusa valvu. Zilizobaki ndio za mashine kutokubaliana. Mipira ile ya stesheni hukaa chini siku nzima, inakanyagwa na matatu, inaangushwa kwa simiti, na geji ya mshale ikianguka mara kadhaa hairudi kuwa ile ya mwanzo. Kwa hivyo ile 28 ya karibu na nyumbani yaweza kuwa ndio karibu na ukweli, ama pia haiko, huwezi kujua bila geji yako. Upime asubuhi kabla hujawasha gari, ama iwe imelala masaa matatu, ama hujaendesha zaidi ya kilomita mbili tatu. Ukishapita hapo unapima joto la barabara.

Kununua sasa. Kitu cha kwanza usiulize bei, uliza inaishia ngapi. Watu wengi wanapenda geji inayofika 150 ama 200, wanaona ndio ya nguvu, lakini kosa la geji mara nyingi linahesabiwa kwa asilimia ya ile namba ya mwisho. Ikiwa imeandikwa asilimia 2 na inafika 150, hiyo ni PSI 3 juu ama chini, ukitaka 33 waweza kuwa na 30 na hujui. Ya asilimia hiyo hiyo inayoishia 60 kosa lake ni PSI 1 na kitu tu. Tena za mshale huwa sahihi zaidi katikati ya uso wake kuliko kwenye ncha zake, kwa hivyo tafuta ambayo presha yako itaangukia katikati. Gari ndogo ya 30 hadi 36, chukua ya 60 basi.

Ile ya mshale ndani ina kijibomba cha shaba kilichopindwa kama ndoana, upepo ukiingia kinajaribu kunyooka na ule mnyooko ndio unasukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyeiandikisha hakimiliki mwaka 1849 na mpaka leo ndio iko mitaani, haitaki betri, haitaki chochote isipokuwa usiiangushe. Mimi ndio ninayoipenda, ile yenye mpira mfupi ili usipinde mgongo, na kitufe cha kupunguzia upepo pembeni, ujaze kidogo kupita kiasi kisha upunguze pole pole mpaka ifike. Iwe pia inashikilia namba hata ukishaitoa kwa valvu, maana valvu zingine ziko upande wa ndani huko hata huoni uso wa geji.

Ya kalamu ni rahisi na haivunjiki ovyo, lakini kale kafimbo kanakotoka kanaingiwa na mchanga na chumvi kakaanza kukwama. Nilikuwa nayo moja nikiiweka kwenye mfuko wa mlango, madirisha wazi kila siku kwa sababu ya joto, siku moja inaniambia 32 kumbe tairi iko 24, nimekuja kujua nikiwa nishapita Mazeras naona gari yavuta upande. Tangu hapo geji yangu inalala ndani ya soksi. Wacheke.

Ukiwa dukani jaribu hivi kabla hujalipa: angalia mshale umelala kwenye sifuri kabisa, si karibu na sifuri. Kisha omba upime tairi moja mara tano mfululizo (tairi la gari likipoteza upepo kidogo kila mara hautabadilisha kitu). Zikitoka namba zile zile ama tofauti ya nusu PSI, chukua. Ikisema 31 halafu 34 halafu 32, rudisha hata ikiwa ni ya bei ghali na imeandikwa Kijerumani. Geji inayozidisha PSI 2 kila siku naweza kuishi nayo, naandika tu kwa mgongo wake "toa 2". Ile inayobadilika badilika ni mchezo wa kamari. Kujua inazidisha ngapi, nenda nayo kwa duka la tairi linalofanya alaimenti, wale wazuri huwa na geji moja ya ofisini hawaiachii mtu, waombe mlinganishe kwa tairi moja baridi.

SWALI: Fundi mambo, mimi ni wa tuktuk Kisauni. Nilinunua ya dijitali, ilikuwa inasoma mpaka pointi mbili, 30.45 hivi, nikaona hii ndio mwisho wa maneno. Miezi mitatu imezima. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa kijana wangu, labda ni betri tu, nyingi zinatumia ile bapa kama sarafu, ifungue uangalie. Ukikuta ndani kuna ukungu wa kijani hapo ni chumvi ya baharini, isugue kwa kitambaa kikavu. Dijitali nzuri ziko, tena za asilimia 1, na usiku zinawaka taa wasoma vizuri. Lakini hizo pointi mbili zisikutie wazimu, kioo kuonyesha .45 hakumaanishi mashine inaijua hiyo .45, ni kama mtu anayekwambia ametoka nyumbani saa mbili na dakika kumi na saba na hana saa mkononi. Na kwa kazi yako ya kutwa nzima kwenye mavumbi na mvua mimi ningekuwekea ya mshale yenye kava ya raba.

SWALI: Tuko Mariakani, trela. Turniboi wangu (utingo) anapima kwa kupiga tairi na nyundo, anasema sauti inatosha. Geji ya gari ndogo tumejaribu mshale ukagonga mwisho.

JIBU: Umeiharibu hiyo, itupe, mshale ukigonga mwisho hivyo kile kijibomba kinanyooka kupita kiasi na hakirudi. Lori zinajazwa 100 na zaidi, tafuta inayofika 160 ama 200, yenye kichwa cha pande mbili kwa ajili ya tairi za ndani. Nyundo inakwambia tairi iko na upepo ama haina. Tairi ya 110 iliyoshuka mpaka 85 inalia vile vile kama nzima, na hiyo ya 85 yenye mzigo ndio inajikunja ubavu, inapata moto, inapasuka huko mbele ya Voi saa nane mchana. Turniboi usimfukuze, mpe geji.

SWALI: Shikamoo fundi. Kila nikipanda Nairobi kwa shughuli zangu nasikia ati upepo wa Mombasa huko unazidi, lazima nipunguze. Lakini nikipima asubuhi naona ni ule ule. Mimi ni mama wa Likoni, nina geji yangu mwenyewe.

JIBU: Marahaba dada, na hongera kwa kuwa na geji yako. Waliokwambia wana ukweli nusu. Geji inapima tofauti ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na Nairobi iko juu kama mita 1,700 hewa ya nje ni nyepesi, kwa hilo peke yake namba ingepanda kama PSI mbili na nusu. Lakini asubuhi ya Nairobi ni baridi kuliko yetu hata kwa digrii 12, na ile baridi inashusha kama PSI mbili, kwa hivyo zinafutana unaona ule ule. Usipunguze kitu. Ila ukirudi ngoja gari ilale usiku, upime kabla hujashuka kwenda ferry.