Jibu: Begi lenye betri kwenye ndege ya Dar–Dubai

Ndugu, umeuliza kama begi lako lenye betri ya kuchajia simu, iliyofungwa ndani yake, litapita. Yote yanategemea betri inatokaje. Tangu Januari 2018 mashirika mengi ya ndege hayapokei begi ambalo betri yake ya lithiamu haichomoki, hata ukiingia nalo ndani ya ndege.

Lifungue leo, usingoje kaunta. Langu betri ilikuwa nyuma ya kitambaa cha ndani, imeshikwa na skrubu nne ndogo. Nikapiga magoti pale uwanjani naomba bisibisi, foleni nzima inanitazama. Aibu!

Ukishaitoa, begi liende chini kwenye mizigo. Betri ubaki nayo mwenyewe, ncha zake za chuma umezibandika selotepu zisigusane na funguo au sarafu. Ikishika moto mle walimo abiria, wahudumu wataiona. Chini kwenye mizigo nani ataiona?

Soma maandishi ya betri: bila kibali, mwisho ni Wh 100 (Wh ni saa-wati, kipimo cha nishati ya betri). Kama imeandikwa mAh tu (kipimo cha chaji inayobeba), zidisha kwa volti, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 na volti 3.7 ni Wh 74, haina neno. Ikizidi 100 hadi 160, omba kibali cha shirika kwanza.