Akili ya kuruta nayo inataka kwata

Mdogo wangu, umeuliza kama kuwafundisha makuruta wa polisi mambo ya saikolojia kuna faida, au ni kupotezeana muda kwa kuwa kazi yenyewe ni nguvu na nidhamu. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi hapa Tanga, na mwishoni nilikuwa nawapokea askari wapya. Faida ipo, tena kubwa.

Ajali yangu kubwa ya kwanza ilikuwa usiku, barabara ya Segera, basi na lori. Nilishuka na tochi nikaganda. Watu walikuwa wanapiga mayowe, lakini mimi sikusikia chochote. Nilichokiona ni kiatu kimoja cha mtoto kwenye lami, basi. Sajenti wangu akanishika bega: "Vuta pumzi, hesabu nne. Itoe, hesabu nne. Tena." Mara ya tatu masikio yakazibuka, nikaanza kazi.

Ule haukuwa woga. Mtu akishtuka moyo hukimbia, macho hung'ang'ania kitu kimoja, masikio huziba. Pumzi ya polepole huurudisha moyo chini. Ila kuandikiwa hayo ubaoni mara moja hakutoshi! Kwata tuliirudia mpaka miguu ikageuka yenyewe. Pumzi nayo irudiwe vivyo hivyo. Huko Uswidi, mtafiti Bengt Arnetz na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009: askari wapya walifundishwa kwa wiki 10 kutuliza mwili huku wakiyapitia matukio magumu akilini. Baadaye, kwenye tukio la kuigiza, waliwazidi wenzao ambao hawakufundishwa.

Mimi niliwazoeza askari wapya hivyo hivyo ndani ya gari la doria, tukielekea Pongwe. "Tumefika, mama analia, mumewe ana panga. Unasimama wapi? Neno lako la kwanza ni lipi?" Walijibu kwa sauti, si kimoyomoyo.

Halafu kuna hili neno "jikaze". Linaniuma. Baada ya ile ajali nilikesha wiki mbili, mke wangu akadhani ni malaria. Kwa hiyo vijana wangu, tukitoka kwenye tukio baya, tulikaa kwanza tukanywa chai. Anayetaka kusema aseme, asiyetaka asilazimishwe. Na ambaye mwezi umepita bado halali, nilimpeleka hospitali ya Bombo mwenyewe.

Wewe usisubiri mafunzo ya depo. Ukimaliza kukimbia kesho asubuhi pale Raskazone, simama, vuta nne, toa nne, mpaka moyo utulie. Fanya kila siku mpaka siku ya kuripoti.