Neema ni bure, sasa kwa nini nirudishe nilichoiba?

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, Bwana Yesu asifiwe.

Umeandika kwamba umeokoka miezi mitano iliyopita. Kabla ya hapo ulikaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi miaka miwili, ukawa unachomoa kama shilingi 10,000 kila wiki, na misumari ulikuwa unapima kilo pungufu. Mchungaji mmoja amekuambia damu imeshafuta yote, usifukue makaburi. Mwingine amekuambia usiporudisha hujaokoka. Unauliza ufuate lipi.

Usifuate lolote kati ya hayo. Fungua Luka 19, usome aya kwa aya. Katika aya ya 5 Yesu anamwita Zakayo, mtoza ushuru tajiri, kwa jina na kusema leo imempasa kushinda nyumbani kwake. Ahadi ya kurudisha mara nne iko aya ya 8. Kabla ya ahadi hiyo Yesu hajamdai Zakayo hata senti moja. Ameshakubali kuwa mgeni wake, mbele ya watu wanaonung'unika. Kisha tazama yule mhalifu wa Luka 23 aliyesulubiwa pamoja na Yesu: hakupata nafasi ya kurudisha chochote, akaahidiwa Peponi siku ileile. Basi anayesema malipizo, yaani kurudisha ulichoiba, ndiyo yanayookoa amekosea vibaya, kwa sababu anamfanya Kristo kuwa mkombozi nusu na wewe ujazie nusu iliyobaki.

Yule wa "usifukue makaburi" naye asome Tito 2:11-12. Neema iokoayo imefunuliwa, "nayo yatufundisha" kukataa ubaya na kuishi kwa kiasi na haki. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo ni lile la kumlea mtoto, pamoja na kumrudi anapokosea. Neema inalea. Efeso 4:28 inakuonyesha malezi yenyewe yanavyokwenda: mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Wengi wetu tunaishia pale pa "asiibe tena" na kudhani tumefika. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Bukoba ulitambulika hata kwa wasioamini kwa sababu watu waliungama na kurudisha vitu vya watu. Hawakuwa wananunua msamaha. Walikuwa wameshaupata, na vile vitu vikawa havikaliki navyo nyumbani.

Sasa hesabu. Walawi 6 na kitabu cha Hesabu sura ya 5 vinasema anayeungama mwenyewe arudishe kitu kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni ya Kutoka 22:1, kwa aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Zakayo alijihukumu kwa kipimo kile kizito. Tena katika aya hiyohiyo anatoa nusu ya mali kwa maskini, kwa hiyo kama alichodhulumu kilizidi sehemu moja ya nane ya mali yake yote, nusu iliyobaki isingetosha kulipa mara nne. Huyo ni mtu aliyekwisha pata hazina nyingine. Wewe hujawekewa sheria ya mara nne wala ya sehemu ya tano, ila ile ya tano ni mwongozo mzuri, maana fedha ya mwenye duka ilikaa kwako badala ya kumzalishia.

Wiki 104 kwa 10,000 ni 1,040,000. Sehemu ya tano ni 208,000. Jumla 1,248,000. Ukiweza 60,000 kwa mwezi, utalipa miezi 20 na mwezi wa 21 utamalizia 48,000. Ukiwa huna uhakika na kiasi, kadiria kwa kupandisha. Ukijikuta unatafuta sababu za kushusha, simama uombe kwanza.

Usikope ili ulipe kwa mkupuo, na hasa usiguse mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Nimeona jambo hili likiharibika mara nyingi hapo: mtu anamlipa mwajiri wa zamani kwa siku moja, halafu watoto wanalala njaa miezi sita, na mwisho anaiba tena ili alipe riba.

Kwa mwenye duka, nenda mwenyewe asubuhi kabla hajaanza kuhudumia wateja, na fungu la kwanza mkononi. Andika karatasi fupi uisome au umkabidhi, kwa sababu ulimi hukwama. Iwe hivi:

"Shikamoo mzee. Miaka miwili niliyokaa kaunta yako nilichukua fedha za mauzo bila wewe kujua. Nimekadiria ni 1,040,000. Nilikuibia, naomba unisamehe. Nataka kulipa 1,248,000 kwa mafungu ya 60,000 kila mwezi, na la kwanza hili hapa."

Basi. Usiongeze kwamba mshahara ulikuwa mdogo, hata kama ni kweli; ukishaweka "lakini", yeye atasikia "lakini" tu. Usitaje wenzako mliokuwa nao stoo. Wao wana siku yao. Usimhubirie siku hiyo. Akiuliza kwa nini umekuja, hapo mweleze Kristo kwa sentensi mbili. Mafungu yanayofuata tuma kwa simu na utunze meseji za muamala.

Ujue pia kwamba ana haki ya kwenda polisi hata ukilipa yote. Kwa kiasi kikubwa, au mali ya serikali, ongea na mwanasheria kabla ya kuandika chochote. Fedha ya serikali ilipwe kwa namba rasmi ya malipo upate risiti, isipitie mkononi mwa ofisa yeyote. Na ukiogopa kwenda peke yako, mchukue mzee wa kanisa. Paulo alimrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni akiwa na barua, na humo akaandika kwamba kama kuna deni liandikwe juu yake, yeye atalipa. Kanisa lisilo na mtu wa kusimama hivyo na mwongofu mpya linamwachia mzigo mzito peke yake.

Wale wateja wa misumari hutawapata. Hesabu 5:8 inasema asipokuwepo jamaa wa kupokea, malipo ni ya Bwana. Kadiria, kisha wape maskini, kimya kimya. Naamini nusu ya mali ya Zakayo ilikuwa na kazi hiyo pia, maana mtoza ushuru hawezi kukumbuka kila aliyepita mezani pake. Lakini fedha ya mwenye duka, ambaye unamjua na yu hai, usiigeuze kuwa sadaka. Mchungaji akiipokea huku akijua ilikotoka, anakusaidia kumdhulumu mtu mara ya pili.

Ushuhuda wa hadharani usubiri hadi umalize, na umwombe mwenye duka ruhusa.

Jambo moja la kujichunguza kila mwezi. Ukikosa fungu kwa sababu ya ugonjwa au ada, je, bado unaweza kupiga magoti na kumwita Mungu Baba? Ukiona unakimbia maombi hadi utakapolipa, umeanza kununua msamaha. Acha kwanza habari ya fedha, rudi Efeso 2:8-9 usome polepole, kisha mpigie mwenye duka umwambie mwezi huu umekwama. Kumpigia ni sehemu ya malipizo.

Umeuliza kama mkeo ajue. Ndiyo, na ajue kabla ya mwenye duka, kwa sababu 60,000 hiyo inatoka kwenye unga na ada za nyumba yenu wote wawili. Kaeni na karatasi ya matumizi, aone tarakimu zote, na kama anaona 60,000 haiwezekani, andikeni 40,000. Itachukua miezi 32.